Bwana Hugo van Lawick na Sokwe wa Gombe

Katika nchi za mbali wako watu wengi walioijua Gombe kabla ya kulisikia jina la Kigoma. Hawakuja kwa treni, wala hawakupanda mashua katika mwalo wa Kibirizi. Waliiona wakiwa wameketi nyumbani kwao, mbele ya televisheni. Aliyewaonyesha ni Bwana Hugo van Lawick, mpiga picha, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu. Jina lake halitajwi sana kwetu, ijapokuwa kazi yake kubwa ya kwanza aliifanya katika vilima ambavyo sisi wa Kidahwe twavihesabu kuwa vya jirani. Yafaa tuipime kazi hiyo, maana mtu anapoionyesha dunia nchi yako, ni haki yako kuuliza ameionyesha namna gani, na ni nini alichokiacha.

Bwana van Lawick alizaliwa 10 Aprili 1937 katika mji wa Surabaya, ambao leo uko Indonesia. Siku zile nchi hiyo ilitawaliwa na Waholanzi. Alikuja Kenya angali kijana, akafanya kazi kwa Armand na Michaela Denis, mume na mke waliotengeneza filamu za wanyama kwa ajili ya televisheni. Huko ndiko alikojifunza ufundi. Mwaka 1962 Dr. Louis Leakey alimpendekeza, na chama cha National Geographic cha Marekani kikamtuma Gombe kupiga picha za kazi ya Bibi Jane Goodall, ambaye alikuwa amefika huko 14 Julai 1960 ili kuwachunguza sokwe mtu. Hao wawili walioana mwaka 1964, wakapata mtoto mmoja wa kiume, na mwaka 1974 wakaachana.

Sifa yake ya kwanza ni subira. Anayevijua vilima vile, jinsi vinavyopanda ghafula kutoka ziwani, na jinsi majani yanavyoteleza wakati wa masika, atafahamu maana ya kupanda navyo huku umebeba kamera, miguu ya kamera na mikebe ya filamu. Tena sokwe hamngoji mtu. Husikia kijiti kikivunjika, akatoweka. Na filamu za wakati ule hazikuonekana papo hapo kama picha za simu tulizo nazo leo. Zilisafirishwa ng'ambo kusafishwa, na mpiga picha alikaa siku nyingi bila kujua kama amepata kitu au amepata giza. Kwa hiyo ilimpasa kuketi, kutazama, na kujua mapema mnyama atageukia wapi. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Lakini Bwana huyu mara nyingi alivumilia pasipo kujua kama tunda limeiva.

Alichokipata kwa subira hiyo ni kikubwa. Mwishoni mwa 1960 Bibi Goodall alikuwa amemwona sokwe aliyemwita David Greybeard akitumbukiza jani katika tundu la kichuguu, akilitoa na mchwa walioling'ang'ania, akiwala. Wataalamu walikuwa wamefundisha kwamba kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya mwanadamu peke yake, na wengine hawakupenda kusadiki maneno ya msichana ambaye hakuwa amesoma chuo kikuu. Lakini kusikia si kuona. Picha za van Lawick ziliwaonyesha watu jambo lenyewe. Desemba 1965 filamu iitwayo "Miss Goodall and the Wild Chimpanzees" ilionyeshwa na televisheni ya CBS huko Marekani, na tangu siku hizo Gombe ikawa na jina duniani.

Filamu ambayo mimi naihesabu kuwa bora kuliko zote alizozifanya kwetu ni "People of the Forest" ya mwaka 1988, iliyokusanya picha za miaka mingi. Humo twafuata jamaa moja: mama mzee Flo, binti yake Fifi, wanawe wakubwa, na mwanawe mdogo Flint. Twaona mama akinyonyesha, akicheza na mtoto, akichoka naye asipotaka kuacha ziwa wala mgongo. Mwaka 1972 Flo alikufa. Flint, aliyekuwa na miaka kama minane, hakutaka kula wala kuondoka mahali pale, naye akafa baada ya majuma machache. Mwongozaji hakutulazimisha kulia. Alikuwa ametuonyesha maisha yao tangu mwanzo, basi msiba ulipofika tulikuwa tumekwisha kuwajua wafiwa. Huo ndio ufundi wa kweli wa kusimulia, nao hautofautiani na ufundi wa bibi asimuliaye hadithi jioni: hamwui mtu kabla hajampa jina.

Baadaye alihamia nyika za Serengeti, akaweka kambi Ndutu, akakaa huko zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1973 alitoa filamu ya mbwa mwitu, iliyomfuata mtoto mmoja mnyonge aitwaye Solo. Mwaka 1996 alitoa "The Leopard Son", habari za chui mchanga anayejifunza kuishi peke yake. Alipewa tuzo za Emmy, ambazo Marekani huwatunukia watu wa televisheni, na vijana wengi wapendao kazi hii walipita kambini kwake kujifunza. Alifariki Dar es Salaam 2 Juni 2002, akazikwa Ndutu.

Hayo ndiyo mema yake, nami sitaki kuyapunguza. Lakini mpimaji wa haki hutazama pande zote mbili za mizani.

Kwanza, filamu ya 1965 husimulia habari za msichana wa Kiingereza aliyeingia peke yake katika msitu wa Afrika. Msomaji atazame tarehe. Bibi Goodall alifika 1960, na van Lawick alifika 1962. Basi picha yo yote iliyopigwa naye na kuonekana kuwa ya siku za kwanza, haikupigwa siku zile. Tena hakuwa peke yake. Serikali haikumruhusu msichana kukaa huko bila mwenzake, ndipo mama yake, Bibi Vanne, akaja pamoja naye. Alikuwako mpishi Dominic. Walikuwako Adolf na Rashidi Kikwale, waliomwongoza katika mabonde na vilima. Walikuwako wavuvi walioanika dagaa katika changarawe za ufuko ule ule, ambao usiku wa giza taa zao zilitapakaa ziwani. Hao wote katika hadithi ile ni watu wa pembeni, hupita kama kivuli kipitavyo ukutani. Sokwe walipewa majina yaliyojulikana dunia nzima. Waliobeba mizigo na kuonyesha njia hawakupewa.

Pili, ndizi. David Greybeard alipoanza kuja kambini kuchukua ndizi, ikawa desturi kuwawekea sokwe ndizi nyingi, nazo ziliwaleta karibu na kamera. Picha nyingi nzuri zilipatikana kwa njia hiyo. Lakini chakula kilicholundikwa mahali pamoja kilileta ugomvi, kwa sokwe wenyewe na kwa nyani, hata ulishaji huo ukapunguzwa. Wataalamu wengine walisema ukali wote wa sokwe wa Gombe ulitokana na ndizi. Uchunguzi uliotolewa 2014, uliokusanya habari za makundi 18 ya sokwe mtu, ulionyesha kwamba huuana hata mahali ambapo hawalishwi na watu, kwa hiyo lawama hiyo ilipita kiasi. Hata hivyo neno moja labaki: kamera iliyotaka kuona msitu ulivyo iliubadili kidogo ili iuone. Mtazamaji alistahili kuambiwa.

Labda mtu atanijibu, "Ndugu mwalimu, huyu alitumwa kupiga picha za sokwe, hakutumwa kupiga picha za wavuvi. Wamlaumuje mwindaji wa nguruwe kwa kutoleta samaki?" Jibu hilo lina nguvu. Nami nisingemlaumu kama filamu ile ingesimulia habari za sokwe tu, kama ifanyavyo ile ya 1988. Lakini ile ya 1965 ilisimulia pia habari za watu, ikachagua mmoja tu. Na uchaguzi huo una matokeo. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa usiku, wakawateka wanafunzi wanne wa Gombe. Baada ya hapo wageni hawakuweza kukaa huko kama zamani. Je, kazi ilikufa? La. Wenyeji ndio walioendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika mambo waliyoyaona: watu kama Hilali Matama, Eslom Mpongo na Hamisi Mkono. Elimu ya Gombe haikukatika kwa sababu yao. Lakini aliyeijua Gombe kwa filamu ya 1965 peke yake angewezaje kuamini kwamba watu wa namna hiyo wako?

Mwaka 2017 mwongozaji Brett Morgen alitoa filamu iitwayo "Jane", kwa kutumia saa zaidi ya mia moja za picha za van Lawick zilizodhaniwa zimepotea. Rangi zake zapendeza ajabu. Lakini hadithi ni ile ile: vijana wawili, sokwe wao, na msitu usio na wenyeji. Bwana van Lawick alikuwa amekwisha kufa, na Bibi Goodall naye amefariki 1 Oktoba 2025. Picha zitaishi kuliko sisi sote, na watoto wetu watajifunza habari za vilima vyao wenyewe kwa picha hizo.

Basi, shauri langu kwa walimu na wazazi ni hili. Zionyesheni filamu hizi shuleni. Ni kazi nzuri, na mtoto atakayezitazama atajifunza kuketi kimya na kuangalia. Lakini picha zikiisha msiwaache watoto waondoke. Waulizeni: ni nani aliyebeba kamera hiyo kilimani? Ni nani aliyejua njia? Kisha wapelekeni kwa wazee wa Mwamgongo na Mtanga, vijiji vinavyopakana na hifadhi, wakaandike majina wangali wakikumbukwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, akafanya kazi yake kwa subira kubwa. Sehemu aliyoiacha ni yetu kuifanya, nayo yadai subira ile ile.