MSAR ni chombo kizuri, ila tunakisoma vibaya

Kama una ndugu au rafiki Marekani anayetaka kusomea udaktari, huenda ushamsikia akitaja MSAR. Ni hifadhidata ya mtandaoni ya AAMC, muungano wa vyuo vya udaktari vya huko. Unalipia kiasi kidogo, unafungua ukurasa wa chuo, na unaona GPA na alama za MCAT za waliokubaliwa: namba ya katikati, walio chini kabisa, walio juu kabisa. AAMC pia hutoa kila mwaka jedwali la wazi liitwalo A-23. Leo nataka kuvihakiki vyote viwili kwa macho ya msomaji mmoja tu, yule mwenye alama zilizo chini ya wastani. Mwenye alama za juu anaweza kukosea kusoma jedwali na bado akapata chuo. Huyu mwingine akikosea kuchagua, pesa zimekwenda na mwaka mzima umekwenda.

Kwa asiyejua mfumo wa huko: udaktari Marekani husomwa baada ya shahada ya kwanza, na karibu kila chuo kinadai mtihani wa MCAT, wenye alama kuanzia 472 hadi 528. Katika udahili wa 2023 waliomba watu zaidi ya 52,000 na wakaingia karibu 23,000. Walioingia walikuwa na wastani wa MCAT 511.7 na GPA 3.77. Kwa hiyo mwenye 503 na GPA ya 3.4 yuko chini, ndiyo, lakini tusimwite aliyefeli. Amewapita zaidi ya nusu ya wote wanaofanya mtihani ule. Yuko chini ya *walioingia*, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Sifa kwanza

MSAR haikupi namba moja ukaishia hapo. Inakuonyesha mtawanyiko, hadi wale kumi wa chini katika kila mia. A-23 nayo ni gridi: upande mmoja GPA, upande mwingine MCAT, na katika kila kisanduku unaona walioomba wangapi na waliokubaliwa wangapi kwa jumla ya miaka mitatu. Angalia kisanduku cha juu kabisa, GPA zaidi ya 3.79 na MCAT zaidi ya 517. Hata humo, takriban watu 15 hadi 20 katika kila mia hukosa chuo. Kisha shuka kwenye visanduku vya chini: navyo si vitupu. Yaani alama peke yake hazifungui mlango wala haziufungi. Ukitaka kumtuliza mtu aliyekata tamaa kwa data badala ya maneno matamu, mpe A-23.

Tatizo ni kigawanyo

Sasa angalia watu wanavyoitumia MSAR. Wanapanga vyuo kwa namba ya katikati ya MCAT, kutoka ya chini kwenda ya juu, wanachukua ishirini vya mwanzo, basi, orodha imekamilika. Kwa mtazamo wa takwimu hapa kuna shimo kubwa. Namba ya katikati inaeleza waliokubaliwa. Haisemi lolote kuhusu waliokataliwa.

Tuseme kuna vyuo viwili, vyote vina namba ya katikati 506 na vyote vinachukua watu 150. Kimoja kilipata maombi 1,000, kingine 10,000. Ukiangalia namba ile tu, utadhani ni mapacha. Kumbe kimoja kinachukua watu 15 katika kila mia, na kingine mmoja au wawili. Kinachoudhi ni kwamba idadi ya waombaji imo humo humo ndani ya MSAR, tena imegawanywa kati ya wakazi wa jimbo na watu wa nje. Ipo, ila jicho linakimbilia namba kubwa ya alama na kuishia pale.

Na mgawanyo huo wa wakazi si jambo dogo. Ukipanga vyuo kwa alama za chini, vyuo vya Puerto Rico vitakuja juu kabisa kwenye orodha yako. Lakini huko kunafundishwa kwa Kihispania pia, na wakazi wa kisiwa ndio wanaotangulizwa. Chuo cha udaktari cha University of Mississippi nacho kwa miaka mingi kimechukua wakazi wa Mississippi. Texas ina sheria inayovibana vyuo vyake vya serikali visichukue watu wa nje ya jimbo zaidi ya asilimia 10. University of Washington ina mpango wa kulea madaktari wa majimbo matano: Washington, Wyoming, Alaska, Montana na Idaho. Alama za chini katika vyuo kama hivi mara nyingi zina maana moja: "tunawachukua watu wetu." Kama wewe ni mtu wao, hiyo ni habari njema kuliko zote. Kama si mtu wao, namba ile haikuhusu.

Ndiyo maana ushauri wa "omba penye alama ndogo" unaweza kumdhuru yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Wale kumi wa chini ni akina nani?

Mtu akiona kuna waliokubaliwa na alama kama zake, husema: "Kama yule aliingia, na mimi nitaingia." Hebu jiulize yule ni nani. Huenda alipitia programu maalumu ya chuo hicho tangu akiwa shahada ya kwanza. Huenda amekulia kijijini, na chuo kinatafuta daktari atakayerudi kijijini. Huenda GPA yake ilianza vibaya kisha ikapanda kila muhula. MSAR haikuambii, na kwa kweli haiwezi. Kazi hiyo ni yako: soma chuo kinasema kipo kwa ajili ya nani, kisha uulize kama maisha yako yana ushahidi wa jambo hilo.

Howard, Meharry na Morehouse vilianzishwa kuwahudumia Wamarekani weusi na jamii zilizosahaulika, na hadi leo hiyo ndiyo kazi yao. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu katika kliniki ya watu wasio na bima ana la kuwaambia. Aliyewaongeza kwenye orodha kwa sababu ya MCAT tu, wasomaji wa fomu zake watamgundua mapema.

Kuna pia vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada ya DO. MSAR haivihesabu, kwa sababu vina muungano wao na mfumo wao wa maombi. Hii ni kasoro ya kweli ya chombo, maana anayekitegemea peke yake anaweza asijue kwamba DO ni daktari kamili mwenye leseni sawa na MD, na kwamba tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya pande zote mbili yako chini ya ithibati moja. Alama za wanaoingia huko kwa wastani ni za chini kidogo. Kwa mwenye 503, kuacha DO nje ya orodha ni kujinyima.

Na vile vyuo vya visiwa vya Karibi vinavyojitangaza kwa Wamarekani? Vitumie swali lile lile la kigawanyo. Ukiambiwa asilimia kubwa ya wahitimu wao walipata nafasi za ubingwa, uliza: wahitimu kati ya wangapi walioanza mwaka wa kwanza?

Maombi arobaini si tiketi arobaini

Wengine hujibu tatizo kwa wingi. Hesabu inavutia: kama kila chuo kinakupa nafasi ya asilimia 5, maombi 20 yanakupa karibu asilimia 64 ya kupata angalau kimoja. Lakini hesabu hiyo inadai kila chuo kirushe shilingi yake peke yake. Si hivyo. Barua dhaifu ya mwalimu inakwenda kote ishirini. Insha iliyopoa inakwenda kote ishirini. Matokeo yanafuatana, kwa hiyo nafasi halisi ni ndogo kuliko 64. Na kila chuo kinacholipiwa kupitia mfumo wa AAMC ni zaidi ya dola 40, cha kwanza zaidi ya dola 170, kabla ya ada za fomu za pili. Kwa familia zetu hizo si pesa za kuchezea. AAMC ina mpango wa msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo, unaofuta ada ya maombi kwa vyuo hadi 20 na kukupa MSAR bure. Wakimbizi nao wanaweza kustahili, jambo ambalo familia nyingi za Wakongo na Warundi zilizohamia huko zinafaa kulijua mapema. Anayetokea Nairobi au Dar kwa viza ya masomo aanze na swali jingine: je, chuo kinapokea wageni? Sehemu kubwa havipokei.

Jambo la mwisho la vipimo. AAMC yenyewe husema alama ya jumla ya MCAT ina ukingo wa kama alama 2 kila upande. Kwa hiyo 503 ni "kati ya 501 na 505 hivi". Kufuta chuo kwa sababu kinaonyesha 505, au kukiongeza kwa sababu kinaonyesha 502, ni kuipa namba imani kuliko waliyoipa walioitengeneza.

Hukumu yangu

MSAR inastahili bei yake, na A-23 ni ya bure. Ila kwa mwenye alama za chini, isomeni kinyumenyume. Anza na ukazi: chuo kinachukua watu wa kwako wangapi, kati ya waombaji wangapi. Kisha kusudi la chuo, na ushahidi ulio nao. Kisha ongeza DO. Alama ziangalie mwisho, kwa ukingo wake. Orodha ikibaki na vyuo vitano tu, usiijaze kwa kubahatisha. Huenda inakuambia usubiri mwaka mmoja, uinue GPA au urudie MCAT, ukikumbuka kwamba unaruhusiwa kuufanya mara 7 tu maishani na kwamba vyuo vitaona kila alama. Mwaka wa kusubiri unauma, lakini kwa kawaida ni nafuu kuliko mwaka wa kukataliwa na vyuo ishirini.