Stesheni Kwanza, Ghorofa Baadaye

Anayeshuka treni ya mwendokasi katika stesheni ya West Kowloon, Hong Kong, akitoka nje hukabiliwa na jengo la mita 484. Ni International Commerce Centre, wenyeji huliita ICC tu. Lina ghorofa 108: ofisi kwa wingi wake, kileleni hoteli ya Ritz-Carlton. Ni rahisi kudhani jengo lilifuata treni hiyo. Sivyo. ICC lilikamilika 2010, na treni ya mwendokasi ikaanza Septemba 2018, imechelewa miaka mitatu. Reli iliyolizaa jengo ni nyingine, ile ya uwanja wa ndege, iliyofunguliwa 1998.

Pale palikuwa bahari. Katika miaka ya 1990 serikali ilijaza kifusi pwani ya magharibi ya Kowloon, na mradi wa hekta 13 na ushei, Union Square, ukapangwa kuizunguka stesheni ya reli ya uwanja wa ndege, iliyosanifiwa na Terry Farrell. Nyumba, maduka, hoteli na ofisi zilichorwa juu yake tangu siku za mwanzo.

Ujanja wenyewe uko kwenye hesabu. MTR, kampuni ya reli ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, hupewa haki ya kujenga juu ya stesheni zake na hulipia ardhi kwa bei inayokadiriwa kana kwamba reli haipo. Reli ikifika, bei hupaa. MTR huwaalika wajenzi binafsi, kwa ICC wakiwa Sun Hung Kai Properties, ambao hubeba gharama za ujenzi, kisha faida hugawanywa. Kwa hiyo mpangaji wa ofisi ghorofa ya 60 anachangia reli hata siku asiyoipanda. Ndiyo maana pia matumizi yalichanganywa: ofisi hujaza treni asubuhi na jioni, maduka mchana na wikiendi, hoteli usiku.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa chini. Udongo wa kujazia haubebi mnara, na mwamba hapo umezama mno. Wahandisi walizungushia shimo ukuta wa zege wa duara, wakashusha ndani ya udongo nguzo bapa za zege, kisha wakasukuma uji wa saruji kwa shinikizo ubavuni mwa nguzo. Nguzo hizo zinang'ang'ania udongo kwa msuguano. Hazikuhitaji kufika kwenye mwamba ndipo zishike. Haya yote yalifanyika jirani na reli inayotumika.

Juu ya ardhi, wahandisi wa Arup waliweka kiini cha zege katikati na nguzo 8 kubwa pembezoni, vikafungamanishwa katika ngazi 4 ili vikabili kimbunga kwa pamoja. Pembe za jengo zimebonyezwa ndani kuvuruga upepo. Wasanifu, Kohn Pedersen Fox, walipanga vioo kama magamba ya joka, na upande mmoja wa chini ukatandazwa mithili ya mkia. Mchoro wa awali ulitaka mita 574. Ulipunguzwa kwa sababu jengo halikuruhusiwa kuvuka vilele vya milima inayolizunguka, uamuzi ambao miji mingi isingethubutu kumpa mwenye fedha.

Kasoro iko usawa wa macho. Maduka, stesheni na makazi vimefungwa ndani ya jukwaa kubwa linalopakana na barabara za magari. Abiria hupita vizuri: anashuka, anapanda lifti, anafika ofisini bila kuguswa na mvua. Mtembea kwa miguu kutoka mitaa ya jirani hukuta ukuta, kisha hutafuta daraja. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepitia Hong Kong kwenda Guangzhou, safari isiyofika saa nzima kwa treni za kasi zaidi, anaweza kuondoka bila kukanyaga mtaa hata mmoja.

Stesheni ya mwendokasi, iliyosanifiwa na Andrew Bromberg wa Aedas, ilichukua njia tofauti. Njia zake 15 za reli ziko chini ya ardhi, na paa lake limeinama hadi watu wa kawaida wanalipanda kwa miguu bila tiketi, kutazama bandari. Juu ya stesheni hiyo, kiwanja cha biashara kiliuzwa Novemba 2019 kwa dola bilioni 42.2 za Hong Kong. Mnunuzi alikuwa Sun Hung Kai.