VJ Anayejua Kunyamaza

Anayemsikia VJ wa Kampala, yaani msimulizi anayeifasiri na kuichangamsha filamu kwa sauti yake, kwa mara ya kwanza hudhani kazi yake ni kupiga kelele juu ya filamu ya wenyewe. Dhana hiyo ina chanzo. Katika Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, VJ Emmie hapumui: anatania, anachochea, anawashangilia makomando. Filamu ya risasi huvumilia vishindo vyote hivyo. Umahiri wa fani hii hupimwa pale pasipo na adui wa kuzomewa.

Ichukue The Impossible, aliyoiongoza J. A. Bayona mwaka 2012 kutokana na mkasa wa familia ya Kihispania iliyonusurika tsunami ya Desemba 26, 2004 nchini Thailand. Maria, mama wa familia, amechanika mguu. Lucas, kifungua mimba wake, anamwongoza majini wakatafute mti wa kukwea. Mara analia mtoto wasiyemjua. Lucas anataka wapite. Mama anakataa.

Hapo VJ hodari, mkono kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, huishusha sauti ya Kiingereza, akasema Kiganda kwa maneno machache, kisha akairudisha upesi ili kilio kisikike chenyewe. Kwake Maria ni Mama Lucas, kama jirani yeyote mwenye mtoto. Bahari ya Hindi iko mbali na Kampala, lakini watu wa mtaa wake wa Bwaise wanayajua maji yaingiayo mlangoni, na Uganda nzima inaikumbuka Bududa, ambako Machi 2010 udongo wa Mlima Elgon ulifukia vijiji. Akiitaja Bududa mara moja, wimbi limefika kwenye kibanda cha video. Akiirudia, ameharibu.

Kipimo hicho hakikufundishwa darasani. Wakongwe walikipata vibandani, wakisimulia ana kwa ana mbele ya umma uliobanana kwenye mabenchi. Mzaha uliokosea wakati ulijibiwa papo hapo kwa miguno. Siku hizi wengi hurekodi studio, na kazi husambazwa kwa diski na flashi. Miguno haisikiki tena, na kishawishi cha kujaza kila upenyo kwa maneno kimezidi. Anayejizuia sasa anajizuia kwa hiari.

Wanaosema VJ huharibu filamu wamewasikia wabovu tu. Aliye bora ni msanii kamili, na jina lake linastahili kutajwa pamoja na la mwongozaji.