Magnesi ya Chini ya Bahari na Kalamu ya Mfasiri

Rasimu niliyoletewa kuihakiki imekusudiwa walimu wa sayansi wa wilaya za Tarime na Serengeti. Yaeleza magnesi iliyomo katika mashapo ya chini ya bahari, na katika mawe ya mviringo yenye manganizi na chuma yaliyotapakaa juu ya mashapo hayo. Si habari ya mbali nao kama idhaniwavyo: mawe ya chuma yenye milia, yaonekanayo katika miamba ya kale ya Mara, yalikuwa mashapo ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita.

Mfasiri ameandika kote "mabadiliko ya isotopu". Hapa ndipo penye kosa zito. Magnesi ina isotopu tatu za asili, 24, 25 na 26, nazo zote ni tulivu. Hakuna hata moja igeukayo kuwa nyingine. Kinachotofautiana ni uwiano wake kati ya jiwe na jiwe, kwa kuwa kaboneti huchukua zaidi magnesi nyepesi, na udongo wa mfinyanzi huelekea kubaki na ile nzito. Mwalimu asomaye "mabadiliko" atafundisha kwamba magnesi hugeuka kuwa kitu kingine kama urani, na wanafunzi watayajibu hayo katika mtihani. Yafaa iandikwe "tofauti za uwiano wa isotopu". Ni ndefu, nakiri, lakini haidanganyi.

Neno la pili ni "vinundu". Mfugaji wa Tarime aijua nundu: iko mgongoni mwa ng'ombe, wala haibanduki. Mawe yasemwayo yamelala huru juu ya tope. Neno hilo na waachiwe matabibu, ambao wamekwisha lizoea. Napendekeza "madonge". Donge la uzi hukua kwa uzi kuzungushwa juu ya uzi, na mawe haya ni vivyo hivyo: huanza na kipande kidogo, pengine jino la papa, kisha tabaka juu ya tabaka, milimita chache kwa miaka milioni. Atatokea wa kusema kwamba donge ni la ugali pia. Na liwe.

Tena rasimu yatumia "madini" kwa manganizi, kwa kaboneti na kwa mawe yenyewe, pengine katika sentensi moja. Mchimbaji mdogo wa Tarime hatendi hivyo: jiwe lenye dhahabu kwake ni mbale, na dhahabu ni dhahabu. Rasimu nimeirudisha.