Herufi Tatu Tatu

Kazi inaanza kwenye vilele. Katika chumba kidogo mjini Machakos, mtafiti ninayemtazama amefungua kwenye kompyuta kipande cha jeni ya pol ya kirusi cha UKIMWI, kilichosomwa ili kujua dawa zipi bado zinamfaa mgonjwa. Jina la mgonjwa halipo, ipo namba tu. Kila herufi ina kilele chake cha rangi: A kijani, C buluu, G nyeusi, T nyekundu. Anapita polepole. Mahali fulani kijani na nyeusi vimepanda pamoja, karibu kimo kimoja. Programu imeandika G. Anaifuta, anaandika R, yaani A au G, kwa sababu ndani ya mwili mmoja virusi huishi kwa makundi yasiyofanana kabisa. Herufi moja hiyo, na kipande kina zaidi ya elfu.

Kisha anapanga. Kipande kinakaa chini ya vielelezo vya aina ndogo za kirusi hiki zinazojulikana, A1, C, D na nyinginezo, kila herufi chini ya mwenzake. Panapopungua, programu hutia kistari. Vistari vitatu mfululizo havimshtui, maana jeni husomwa herufi tatu tatu. Kistari kimoja kilichojitenga humrudisha kwenye vilele.

Sasa mti wa nasaba. Kompyuta huokota safu za herufi kwa bahati nasibu, nyingine mara mbili, nyingine isiziguse, ikajenga mti upya. Hivyo mara 1,000. Joseph Felsenstein aliipendekeza njia hii mwaka 1985. Tawi lisilorudi mara nyingi halitegemewi. Kipande chetu kimeangukia A1, aina iliyoenea zaidi Kenya, lakini tawi lake linayumba. Mwenye haraka angeandika A1 na kufunga faili.

Yeye anakipitia upya, herufi 400 kwa wakati mmoja, akisogea herufi 20 kila hatua. Kwenye grafu inayoonyesha kinafanana na aina ipi, mstari wa A1 uko juu, uko juu, kisha unashuka, na wa D unapanda kuupokea. Nilikua nikiwatazama akina mama wa Ukambani wakisuka viondo: uzi wa rangi moja ukiisha, mwingine unaungwa papo hapo, na kidole hakioni fundo. Hapa virusi viwili vilikutana katika seli moja, na kimeng'enya kinachonakili kikaruka kutoka uzi huu hadi ule.

Bado haandiki. Anakata kipande penye kiungo, anachora mti wa sehemu ya kwanza, halafu wa pili. Matawi yote mawili yanasimama imara, moja A1, jingine D. Ndipo anapoandika: mchanganyiko wa A1 na D. Mahali pa kiungo hataji herufi moja, anataja mbili, kuanzia hapa hadi pale, kwa kuwa katikati yake A1 na D zinafanana herufi kwa herufi.