Loretta Lynn, Fundi wa Maneno ya Jikoni

Gitaa la kwanza la mwimbaji wa kantri Loretta Lynn lilinunuliwa mwaka 1953 kwa dola 17. Mumewe, aliyezoeleka kwa jina la Doolittle, alikuwa akimsikia nyumbani akiimba, akaona sauti ile haistahili kuishia jikoni. Loretta alizaliwa 1932 Butcher Hollow, kwenye milima ya makaa ya mawe ya Kentucky, nchini Marekani. Aliolewa akiwa na miaka 15. Kupiga gitaa alijifundisha mwenyewe, na kutunga vilevile.

Mwaka 1960 alitoa "I'm a Honky Tonk Girl" kupitia lebo changa isiyo na uwezo wa kuutangaza. Basi mke na mume wakapakia santuri garini, wakazunguka redio moja baada ya nyingine, usiku wakilala humohumo. Wimbo ukafika nafasi ya 14 katika chati ya kantri.

Ufundi wake ulianzia masikioni. Kabla ya onyesho moja, shabiki alimweleza kwa uchungu kwamba mumewe yumo ukumbini na mwanamke mwingine. Loretta akachungulia, akamwona huyo mwanamke, akarudi chumbani kuandika "You Ain't Woman Enough", uliotoka 1966. Mpenzi wa taarabu angeitambua mara moja mipasho hiyo. Ila mtunzi wa taarabu humfunika hasimu wake kwa mafumbo. Loretta alimkabili waziwazi, kwa lugha ileile ya wanawake wa kwao, na bado vina vilikaa na ukumbi ulicheka. Wepesi huo una kazi ngumu nyuma yake.

Ushahidi ni "Coal Miner's Daughter" wa 1970. Hauhubiri umaskini hata kidogo. Unaonyesha vidole vya mama vikitoka damu kwenye ubao wa kufulia, na viatu vinavyonunuliwa kwa ajili ya baridi tu. Alipouandika ulikuwa mrefu mno. Prodyuza Owen Bradley akamtaka apunguze beti, naye akapunguza. Katika dakika tatu zilizobaki, familia nzima imo.

Mwaka 1972 akawa mwanamke wa kwanza kutwaa tuzo ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka ya chama cha muziki wa kantri, CMA. Miaka mitatu baadaye aliimba "The Pill", kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango. Vituo kadhaa vya redio viliupiga marufuku, nao ukapanda hadi nafasi ya tano.

Alipotimiza miaka 72, mwaka 2004, alitoa "Van Lear Rose", iliyosimamiwa na mwanamuziki wa roki Jack White. Doolittle alikuwa amefariki 1996, na katika wimbo mmoja Loretta anausimulia ujane kwa kuhamisha pete ya ndoa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Albamu hiyo, ambayo nyimbo zake karibu zote alizitunga peke yake, ilimpatia tuzo mbili za Grammy.