Ufunguo Unaofuata

Mwaka 2011 Google ilitoa hadharani hifadhidata ndogo iitwayo LevelDB, kazi ya wahandisi wawili, Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat. Haina majedwali, wala haielewi SQL. Unaipa ufunguo na thamani yake, inavitunza. Ukirudi na ufunguo, inakupa thamani. Wengi huishia hapo. Lakini LevelDB hupanga funguo zake zote kwa mfuatano, baiti kwa baiti, kuanzia ndogo hadi kubwa. Kwa sababu hiyo unaweza kuiomba jambo ambalo hifadhi isiyo na mpangilio haiwezi kulifanya bila kusoma kila kilichomo: nipe zote kuanzia hapa, uishie kabla ya pale. Anayeifanya kazi hiyo huitwa itereta, na kwangu mimi hakuna sehemu ya LevelDB iliyoundwa kwa ustadi kuishinda.

Anayeitumia hukutana na amri chache tu. Nenda mwanzo, nenda mwisho, tafuta ufunguo huu, na kama haupo simama kwenye wa kwanza unaoufuata, songa mbele, rudi nyuma, nipe ufunguo, nipe thamani. Tuseme tunatunza mauzo ya maduka, na kila ufunguo una sura hii: duka:0012:2024-03-05:0007, yaani namba ya duka, tarehe, namba ya risiti. Kupata mauzo ya Machi ya duka la 12, tunatafuta duka:0012:2024-03-01, tunasonga mbele, na tunasimama mara tunapofika duka:0012:2024-04-01. Mwanzo umo, mwisho haumo. Hatuna haja ya kuuliza mwezi una siku ngapi, na mahali Machi inapoishia ndipo Aprili inapoanzia, bila pengo na bila risiti kuhesabiwa mara mbili.

Sifuri zile mbili mbele ya 12 hazikuwekwa kwa urembo. Kompyuta inayolinganisha baiti haijui kuwa 9 ni ndogo kuliko 100. Inaona herufi tu. Ukiziondoa sifuri na kuandika duka:1:, duka:9:, duka:10:, duka:12: na duka:100:, mpangilio utakaoupata ni 100, 10, 12, 1, 9. Hata 1 inatanguliwa na 10, kwa kuwa nukta mbili ina namba 58 kwenye ASCII, nazo tarakimu zote ziko kati ya 48 na 57. Fundi mzuri huyajua haya kabla hajaandika ufunguo wa kwanza. Hujua pia kwamba baada ya nukta mbili, namba 58, inakuja nukta mkato, namba 59. Kwa hiyo kila kinachohusu duka la 12 kiko kati ya duka:0012: na duka:0012;, bila kubaki hata kimoja nje. Nani atauliza nini, na kwa mpangilio gani, huamuliwa siku funguo zinapobuniwa. Baadaye ni gharama.

Chini ya amri hizo chache kuna kazi nzito, na ndiyo inayonifanya nirudi kuusoma msimbo wa LevelDB. Funguo unazoziona zimejipanga mstari mmoja haziko mahali pamoja. Zilizoandikwa sasa hivi ziko kwenye kumbukumbu, katika eneo ambalo kwa kawaida hujaa likifika takriban megabaiti 4. Likijaa, huandikwa diskini kama faili lisilobadilishwa tena. Mafaili machanga yanaweza kuwa na funguo zinazoingiliana. Yaliyokomaa hupangwa kwa ngazi, kila ngazi ikiruhusiwa kuwa na ukubwa mara kumi ya iliyo juu yake, na ndani ya ngazi hizo hakuna mafaili mawili yanayogombea eneo moja. Muundo huu umetokana na makala ya mwaka 1996 ya Patrick O'Neil na wenzake kuhusu miti ya LSM.

Basi itereta inaunganishaje vyanzo vyote hivyo? Wafikirie walimu watatu wa mikondo mitatu ya Kidato cha Pili, kila mmoja ana orodha ya wanafunzi wake kwa alfabeti, na inatakiwa orodha moja ya kidato kizima. Hawana haja ya kuchanganya majina yote na kuanza kuyapanga upya. Wanalinganisha majina matatu ya juu tu, wanaandika linalotangulia, na mwalimu aliyelitoa anashuka jina moja. LevelDB hufanya hivyohivyo, na huupata ufunguo mdogo zaidi kwa kukagua vyanzo kimoja baada ya kingine. Maelezo yaliyomo kwenye msimbo yanasema wazi kwamba vyanzo vinatarajiwa kuwa vichache, kwa hiyo mbinu rahisi inatosha. Naupenda unyoofu huo. RocksDB, iliyoanzishwa Facebook mwaka 2012 kwa kutumia msingi wa LevelDB, ilikuja kutumia mbinu iliyo tata zaidi.

Kinachopendeza zaidi ni kwamba kila tabaka linajibu amri zilezile. Bloku moja ndani ya faili ina itereta yake, faili lina yake, ngazi nzima ina yake, muungano wa vyote una yake. Hakuna anayehitaji kujua aliye chini yake amejengwaje.

Juu kabisa kuna itereta ya mwisho, inayosafisha. Ndani ya LevelDB ufunguo mmoja unaweza kuwa na matoleo kadhaa, maana kubadilisha thamani ni kuandika upya, na kufuta ni kuandika alama ya kufutwa. Kila ufunguo hubeba baiti 8 za ziada: 7 za namba ya mfuatano na 1 ya kusema kama umewekwa au umefutwa. Toleo jipya hupangwa kabla ya la zamani. Kwa hiyo itereta ikisonga mbele hukutana kwanza na jipya, hulitoa, kisha huruka yaliyobaki. Ikikuta alama ya kufutwa, huruka yote. Toleo lililoandikwa baada ya itereta kufunguliwa haliangaliwi kabisa. Ndiyo maana ripoti ya Machi haitikisiki hata kama mauzo mapya yanaendelea kuingia.

Kurudi nyuma ni kugumu zaidi. Ukitoka mwisho unakutana na toleo la zamani kwanza, kwa hiyo itereta huishika thamani yake, hupiga hatua nyingine, hubadilisha iliyoishika, na huendelea mpaka ione ufunguo tofauti. Hapo ndipo inapojua kwamba iliyobaki mkononi ndiyo ya karibuni. Aidha, ndani ya bloku funguo hubanwa: kila mmoja huandikwa tu kuanzia pale unapotofautiana na uliotangulia, na ufunguo kamili huandikwa kila baada ya 16. Kurudi hatua moja ni kwenda hadi ufunguo kamili ulio nyuma na kusoma tena kuja mbele. Anayetaka mauzo mapya yaje kwanza afikirie kuigeuza tarehe ndani ya ufunguo wenyewe, ili safari iwe ya kwenda mbele.

Mtumiaji naye ana wajibu. Kitanzi kinaposimama, angalia hali ya itereta, kwa sababu husimama data inapokwisha na pia diski inaposhindwa kusoma. Ukimaliza, iachilie, kwani ikiwa wazi huzuia mafaili ya zamani yasifutwe.

Msimbo wote uko wazi kwa leseni ya BSD. Kijana anayejifunza C++ aanze na faili la table/merger.cc, kisha db/db_iter.cc. Hakuna kati ya hayo mawili linalofika mistari 400, na jioni moja ya kusoma bila haraka inatosha kuyaelewa.